Mashine ya Kumchongea Shemeji

Jumatatu, 4 Machi

Maboksi yamefika! Manne, mazito kama dhambi za jirani, na mvua ya kwanza ya masika imechagua asubuhi hii hii kunikaribisha nayo. Nimeyabeba kutoka barabarani mwenyewe, mgongo ukilalamika njia nzima. Lakini mtu aliyepaka mafuta injini za meli kwenye bandari za nusu ya dunia hashindwi na boksi.

Ndani kuna reli, mota, mikanda, waya za kila rangi, na mfuko wa skrubu ambao ukimwagika leo utaokota mpaka mwakani. Ni mashine ya kuchonga mbao. Unachora herufi au ua kwenye kompyuta, nayo inakwenda yenyewe juu ya ubao, kisu kinazunguka kama pia, na kile ulichochora kinatokea kimechongwa. Ila inakuja vipande vipande, mwenyewe unaiunga. Wenye mioyo midogo hununua iliyokwisha kuungwa.

Mke wangu amesimama mlangoni mwa chumba cha wageni, mikono kiunoni.

"Ndiyo pikipiki yetu hiyo?"

"Ndiyo hiyo."

"Mbona sioni magurudumu?"

"Hii itatufikisha mbali bila magurudumu, mama. Wewe tulia."

"Na wageni watalala wapi?"

"Wageni gani? Tangu ninunue lile godoro, nani amerudi mara ya pili?"

Amecheka, ingawa hakutaka. Yeye anajua kwa nini nimeuza pikipiki. Ni kwa ajili ya kaka yake, shemeji yangu, ambaye mji mzima unamwita Patasi. Vibao vya mtaa huu karibu vyote vimetoka mkononi mwake: cha shule, cha duka la dawa, hata cha kinyozi ambaye hajui kunyoa. Mwaka jana aliugua, akapona, lakini mkono wa kulia ukabaki unatetemeka. Daktari amesema hautatulia tena. Basi Patasi amemwambia mwenye nyumba kwamba masika yakiisha anarudisha ufunguo wa karakana. Mke wangu hakulia. Ila tangu siku ile kila anachopika hakina chumvi, nami nakula nikisifu.

Nimeapa: kabla mvua hazijakata, Patasi atakuwa na mkono mwingine. Ninaandika haya yote ili siku watakaponisifu wasije wakakosea.

Jumanne, 5 Machi

Nimepanga skrubu kwa ukubwa. Nimepiga chafya. Nimepanga tena.

Jumamosi, 9 Machi

Fremu imesimama! Nimeifunga haraka kuliko yule bwana anayetabasamu kwenye kitabu cha maelekezo. Kitabu kimeandikwa kwa lugha ambayo naijua vizuri ikitumika kutukana, ikiandikwa si sana. Kwa hiyo nimefuata picha, na pale picha zilipozidi nikafuata akili.

Mke wangu amekuja na futi yake ya kushonea, akapima kutoka pembe hii hadi pembe ile, kisha pembe nyingine mbili.

"Hazilingani," akasema.

"Nini hazilingani?"

"Pembe. Umeunga kitanda cha kukodi."

Nimefungua bolti zote, nimeanza upya. Sasa zinalingana. Kwenye meli tungemwajiri huyu mwanamke siku ya kwanza na kumpa kofia.

Jumapili, 17 Machi

Patasi amekuja. Nilishafunga daraja, lile bomba pana linalokatiza juu ya meza na kukibeba kisu. Akaizunguka mashine mara mbili bila kuigusa, kama mtu anayekagua ng'ombe wa kuibiwa.

"Shemeji, umenunua cherehani ya jitu?"

"Huo ni mkono wako mpya."

"Huu? Hauna hata kidole."

"Una mota nne."

"Punda naye ana miguu minne, sijamwona akichonga."

Tukacheka mpaka mke wangu akatuchungulia. Halafu chai ikaja. Patasi alikuwa na mkono wa kulia mfukoni muda wote, akasahau, akautoa kupokea kikombe. Chai ikaruka ikajaa sahani. Sote watatu tukageuka kutazama mvua dirishani, kana kwamba hatujawahi kuona maji yakianguka.

"Masika yakiisha natoa ufunguo," akasema akiwa bado anatazama nje. "Usijichoshe kwa ajili yangu."

Mimi nichoke? Hanijui huyu.

Alhamisi, 21 Machi

Paa linavuja. Nyumba nzima ni kavu isipokuwa juu ya mashine. Nimefunga mwavuli wa mke wangu darini kwa waya. Ametoka kwenda sokoni akiwa amejifunika mfuko wa nailoni, na kabla ya kutoka ameniangalia kwa namna ambayo siwezi kuiandika.

Jumamosi, 30 Machi

Imewaka! Inatembea!

Lazima niseme nilisaidiwa kidogo. Waya zilikuwa zimenipanda kichwani, nikamwita jirani yetu, yule dada mwenye duka la kutengeneza simu mkabala na karakana ya Patasi. Wote tunamwita Fundi Simu. Amekuja na kisanduku chake kidogo, akavua viatu, akaketi sakafuni kama yuko kwao.

Nikabonyeza. Daraja linasukumwa na mota mbili, moja kulia na moja kushoto. Ya kulia ikaenda mbele. Ya kushoto ikarudi nyuma. Daraja likajipinda, likalia kama mbuzi anayevutwa sikio.

"Zima! Zima!" Fundi Simu akapiga kelele.

Mke wangu kutoka jikoni: "Hiyo ndoa naijua! Zitazoeana!"

Kumbe nilizivalisha waya za mota moja kinyume. Fundi Simu akazibadilisha, na sasa zinakwenda sambamba, kwa mlio mtamu kama mluzi wa mtu mwenye mshahara.

Na kuna jambo moja limenifurahisha kuliko yote. Kabla ya kazi yoyote unabonyeza kitufe chenye picha ya nyumba. Mashine inatambaa polepole hadi kwenye kona, inagusa swichi, inatulia. Bila kufanya hivyo haijui iko wapi duniani, itachonga hata hewa. Fundi Simu anasema unaipeleka nyumbani kwanza, ndipo unaituma kazini.

"Afadhali hiyo," akasema mke wangu, "inarudi nyumbani kwa kubonyezwa mara moja. Wengine tuliwaandikia barua miaka."

Nikainamia waya. Nilikuwa na kazi nyingi.

Jumapili, 31 Machi

Imechonga nyota. Imechonga na meza. Kisu kilishuka zaidi ya nilivyokituma.

Jumamosi, 6 Aprili

Ushindi! Nimechonga kibao kizima: KARIBU. Herufi zimenyooka, kingo kali kama maneno ya mama mkwe. Nimekisugua kwa msasa, nikakipaka mafuta, nikakivalisha gazeti, nikatembea nacho kwenye mvua hadi karakana, nikiwasalimia hata wasionijua.

Patasi akakiweka juu ya meza yake ya kazi, akakitazama kwa muda.

"Nani amekufa?"

"Amekufa vipi?"

"Hizi herufi ni za msibani, shemeji. Zote zimepangwa foleni, hakuna anayemjua mwenzake. Hii R imevaa tai. Hii K, nani ameipiga pasi?"

"Ndivyo kompyuta ilivyo."

"Basi ndivyo ilivyo. Haya ni maandishi ya kila mtu. Mimi si kila mtu."

Nimetoka nimefura. Nimefika kwenye kile kibao cha duka la dawa, alichokichonga yeye kabla ya kuugua, nikasimama chini yake mvua ikinipiga. Herufi za Patasi zinaegemeana kidogo. D ina tumbo la mtu aliyeshiba. W imekunja magoti kama inataka kucheza. Nimesimama pale nikajikuta nacheka peke yangu, mwenye duka akaniuliza kama nahitaji dawa.

Ana haki, huyu mkaidi. Lakini hapo hapo nimepata wazo, na wazo zuri halinijii kila siku, linakuja kila baada ya siku mbili. Sitachukua herufi za kompyuta. Nitachukua za Patasi. Fundi Simu anasema ukipiga picha maandishi ya mtu kwa simu, kompyuta inaweza kuyafuata mstari kwa mstari. Nani kama mimi?

Jumapili, 14 Aprili

Patasi alikataa. Nikamwomba, akakataa. Nikamtania, akakataa zaidi. Mke wangu akamwambia neno moja tu, "Kaka," akamwekea karatasi na penseli mbele yake.

Akaandika FUNDI SIMU, herufi ndogo kama kunde, akiwa amegeuza uso upande. Kibao kitakuwa cha jirani yetu. Jumamosi nachonga.

Jumamosi, 20 Aprili

Leo nimeharibu.

Asubuhi nilikuwa na haraka ya furaha. Nikapiga picha ile karatasi, nikazikuza herufi mpaka zikajaa ubao, nikaipeleka mashine nyumbani, nikaituma kazini. Niliona mistari imechezacheza kwenye kioo cha kompyuta. Nikajiambia mashine itanyoosha. Kazi ya mashine si kunyoosha?

Mashine haikunyoosha. Mashine ni mtiifu kupita kiasi. Kila mtetemo wa mkono wa Patasi umechongwa ubaoni, kina cha nusu kidole, kwa usahihi ambao ungemfurahisha bwana wa kwenye kitabu. Nami nilivyokuwa nimelewa na mlio wake, niliona maranda yakiruka, sikuona nilichokuwa nachonga. Nikampelekea Fundi Simu akiwa na wateja wamejaa. Akashukuru, akakitundika palepale.

Mlango wa Patasi unatazamana na duka lile.

Amekuja nyumbani ameloa, bila mwavuli. Hakuketi. Mke wangu akatoa kiti, Patasi akakisogeza kando kwa mguu.

"Shemeji," akasema, "mwaka mzima nimeuficha mkono huu. Nakula chumbani. Nasalimia kwa kushoto, watu wanadhani nina majivuno. Wewe umeutundika barabarani."

"Shemeji, sikukusudia. Nilitaka nikuchongee—"

"Umenichongea kweli! Umenichongea kwa mji mzima. Watoto wa shule wamesimama pale wanasoma wakitikisa vichwa, FU-FU-FUNDI."

Nikafungua mdomo nikitafuta mzaha, maana huwa sikosi. Nikakosa.

"Ufunguo naurudisha mvua ikikata," akasema. "Na usije karakana."

Alipoondoka, mke wangu alikaa kwenye kile kiti alichokikataa kaka yake. Nilitegemea anipige kwa maneno, nilijiandaa. Akaniuliza swali tu, kwa sauti ndogo: "Ulikiangalia kabla ya kukipeleka?"

"Niliangalia."

"Uliangalia kibao, au ulijiangalia wewe?"

Nimekwenda kukishusha. Fundi Simu akakishika upande wa pili, akasema yeye anakipenda, kinafanana na mtu anayecheka. Nimemwambia ana moyo mzuri na macho mabovu. Nimekifunika kwa shuka, nikakiweka uvunguni. Sikujua mimi naweza kuwa mkimya kiasi hiki. Hata saa ya ukutani nimeisikia leo, kumbe ina kelele.

Jumapili, 28 Aprili

Mvua. Mashine nimeifunika.

Jumanne, 30 Aprili

Mvua. Asante Mungu.

Jumamosi, 4 Mei

Manyunyu tu. Nimesimama uani nikayatazama mawingu yakienda zao bila kuaga. Maisha yangu yote nimeilaani mvua, baharini na nchi kavu. Leo nimeiomba ibaki. Mke wangu anaanika nguo huku akiangalia juu, najua naye anaomba hivyo hivyo, ingawa nguo zinataka jua.

Alhamisi, 9 Mei

Jua kali. Hakuna hata wingu la kusingizia.

Nilijiambia sitakwenda karakana, nitakwenda kwa Fundi Simu kununua chaja. Chaja ninazo tatu. Nikafika, nikageuza shingo, nikaona.

Mlango wa bati wa Patasi umeshushwa, na juu yake, kwa rangi nyeupe na brashi ya kupakia kuta, kutoka mwisho huu wa mlango hadi mwisho ule, kila herufi ndefu kama mkono wangu mzima: IMEFUNGWA.

"Ameandika asubuhi," Fundi Simu akasema. "Alikuwa anarusha mkono kama anapigana na nyuki."

Nilisimama pale nikiwa na huzuni ya kutosha watu wawili. Lakini macho yangu hayana adabu, yakaanza kusoma herufi. Ile G imejikunja kama paka aliyeshiba. Ile W imekunja magoti, inataka kucheza! Nikavuka barabara kwenda kuigusa. Karibu, kingo zote zinatetemeka, rangi imeyumba huku na huku. Nikavuka tena kurudi dukani. Zimetulia. Nikavuka. Zinatetemeka. Nikarudi. Zimetulia. Mwenye mkokoteni akaniuliza kama nimepoteza kitu.

"Nimekiokota!" nikamwambia.

Maana nilielewa pale pale, katikati ya barabara. Kwenye karatasi aliandika herufi ndogo, mimi nikazikuza, nikaukuza na mtetemo. Njia ilikuwa kinyume! Aandike kubwa, kwa bega, kwa mwili mzima, halafu mashine ipunguze. Mtetemo upana wa kidole ukipunguzwa pamoja na herufi unabaki upana wa uzi, na msasa unakula uzi. Nimemkumbatia Fundi Simu mbele ya wateja, akaniambia nilipe chaja.

Amepiga picha kwa simu yake nzuri, ameketi nami kwenye kompyuta, ametoa kila herufi peke yake. Mke wangu amechungulia begani mwangu. Safari hii nimemwonyesha kwanza, kabla ya kugusa ubao. Akaangalia muda mrefu, akaweka kidole juu ya kioo kwenye ile A.

"Hivi ndivyo alivyonifundisha kuandika," akasema. Kisha: "Ufunguo anaupeleka Jumamosi mchana."

Ijumaa, 10 Mei

Umeme umekatika nikiwa herufi ya tatu. Mashine ikasimama kisu kikiwa ndani ya mti. Nimezunguka nyumba kama kuku anayetaka kutaga. Umeme ukarudi alasiri. Mashine haikujua ilipo wala ilikotoka. Nikakiinua kisu, nikaipeleka nyumbani, nikaipigia hesabu upya, ikarudi kwenye mfereji wake ule ule bila kukosea hata unywele. Nimeipiga busu. Mke wangu ameona, amesema hapana neno, yeye amekwisha zoea.

Wala sikuwa nachonga IMEFUNGWA. Neno lile sitalichonga mimi. Lakini herufi zake zote ninazo, na lugha yetu hii ina huruma: kutoka kufunga mpaka kufungua ni mwendo mfupi tu. Nilikuwa nimezipanga upya. Ilipungua moja.

Nimechonga ubao na nafasi yake nikaiacha tupu.

Jumamosi, 11 Mei

Nimefika mlango wa bati umeinuliwa nusu. Nikainama, nikaingia. Patasi alikuwa anatia vifaa kwenye gunia.

"Nilikwambia usije."

"Nimekuja kama mteja."

"Tumefunga. Hujasoma?"

"Nimesoma sana." Nikaweka ubao juu ya meza, nikatoa shuka.

Akasoma, midomo ikisogea. "IMEFUNGU… IWA. Hii nini?" Akanitazama. "Shemeji, shule uliacha darasa la ngapi?"

"Niliacha kabla ya kufika L."

Hakucheka. Alikuwa ameinama. Mkono wa kulia ukatoka mfukoni, wenyewe, nadhani bila ruhusa yake, ukashuka juu ya ubao. Vidole vikawa vinagonga mti, tatata, tatata, vikaingia ndani ya ile G, vikazunguka nayo mpaka mwisho. Vikaingia kwenye W.

"Hii ni yangu," akasema.

"Ni yako."

"Haitetemeki."

"Uliiandika mlangoni kubwa kama wewe, mashine imeifanya ndogo kama mimi. Mtetemo umepotelea njiani."

Nje mtu akapita na redio. Nilikuwa na mizaha mitano tayari mdomoni, nikaimeza yote, na ninaomba ikumbukwe.

"Siku ile ya kibao," nikasema, "nilikosa mimi. Si mkono wako."

Akaguna. Kwake guno lile ni hotuba. Kisha akagonga ile nafasi tupu kwa kucha. "Na L?"

"Mlangoni hukuandika L. Lakini usijali, kompyuta inazo." Nikatoa mfukoni kipande cha ubao nilichokichonga makusudi, L ya kompyuta, imenyooka, imekauka.

Akaishika kwa ncha za vidole kama panya aliyekufa.

"Unataka kuiweka hii katikati ya U yangu na I yangu?"

"Ni L tu, shemeji."

"Hii ni kona ya kitanda!" Akaitupa kwenye maranda. Akatazama huku na huku, akapindua gunia lote sakafuni, patasi na randa zikamwagika, akaitoa ile brashi chini kabisa.

Tulishusha mlango tukiwa nje. Akapaka L ya kwanza juu ya bati, kwa bega, kwa mwili mzima. Akavuka barabara, akasimama mbele ya duka la Fundi Simu, akaitazama. "Imelewa," akasema. Akarudi, akapaka nyingine. Akavuka. "Hii ina njaa." Watu wakaanza kusimama. Fundi Simu akatoa kiti nje akaketi. Mimi nilishika kopo la rangi, nikivuka naye kila akivuka, nikiwaeleza watu kwamba wazo ni langu.

Mke wangu akatokea kwenye kona, amevaa nguo zake za kutokea, amekuja kumsindikiza kaka yake kwa mwenye nyumba. Akakuta mlango umejaa L juu hadi chini, na mimi nimejaa rangi mpaka kwenye nyusi.

"Kaka, saa sita imepita. Mwenye nyumba anasubiri. Ufunguo uko wapi?"

"Mfukoni," Patasi akasema bila kugeuka. "Kulia. Na mkono wa kulia una kazi." Akarudi nyuma hatua moja, akainamisha kichwa. "Mpokee mumeo hilo kopo, anamwaga."